Watani Wasiozikana

Mwaka 1972 nilikuwa nafundisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, katika darasa la ghorofani la kuazima, kwenye shule ya msingi iliyo hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Asubuhi watoto walikaa kwenye madawati yale wakaimba jedwali la saba. Saa tisa alasiri, wakishaondoka, waliingia wanafunzi wangu: wanawake ishirini na wawili wa Kariakoo, wauza bamia, wauza mandazi, wauza dagaa. Palikuwa pia na mzee mmoja fundi baiskeli wa Gerezani, lakini huyo alivumilia miezi miwili, akasema kelele zimemshinda, akaacha. Magoti ya akina mama hayakuingia chini ya madawati. Wengine walikaa upande upande na wengine walipanda juu ya dawati kabisa, nami nikaacha kuwakataza, maana wote walikuwa na umri wa mama yangu mzazi au walijifanya hivyo.

Jina langu Kasmir, Mngoni wa Songea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, suruali mbili, na imani kubwa kwamba nchi nzima ingejua kusoma kabla sijaoa. Nilikuwa pia na hasira za karibu. Mtu akinichelewesha chai, tayari nimenuna. Nasema haya mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia lilitokana na chai, si na siasa.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Bi Kuruthumu, Myao wa Tunduru. Miaka kumi na tisa aliuza dagaa Mtaa wa Mchikichi, amekaa juu ya kreti, jua linamchoma na mvua inamlowesha. Alipoanza ngumbaru alishika penseli kwa ngumi. Miaka miwili baadaye alikuwa anawasomea majirani zake gazeti kwa sauti, na asipolipenda jambo lililoandikwa analikemea palepale.

Sasa mtaa ulikuwa unataka kufungua duka la ushirika, Mtaa wa Sikukuu, na kamati ilimtaka yeye awe msimamizi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulalamikia mizani yake. Ila kanuni ilisema msimamizi lazima awe na cheti. Kwa mtu ambaye hakwenda shule utotoni, cheti maana yake ni kumaliza ngumbaru na kufaulu mambo matatu: kusoma na kuandika, hesabu, na siasa kwa mdomo. Mawili ya mwanzo angeyafaulu amesinzia. Siasa ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu alitaka kuielewa kwanza ndipo aikariri. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kreti lile, na aliniambia wazi kwamba asipolipata duka hajui masika ijayo ataimudu vipi.

Siku ya kwanza kabisa aliniuliza kabila langu. Nilipolitaja alikusanya chaki zote mezani, akazifunga kwenye pindo la kanga, akatangaza kwamba somo halianzi mpaka Mngoni alipe kodi ya babu yake kupita Tunduru bila kupiga hodi. Wangoni na Wayao walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, na masalio ya vita vile ndiyo utani wetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuondoka na kuku wako. Huruhusiwi kukasirika, anayekasirika anatozwa. Lakini siku ya msiba mtani ndiye anayetangulia. Anachimba, anabeba, anamsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wacheke, na sanda haitoki mkononi mwake mpaka apewe kitu. Zile chaki nilizikomboa kwa andazi, nililolinunua kwa jirani yake wa dawati, Bi Mboni, Mzaramo mmoja mwenye ulimi mrefu kuliko kamba ya kisima.

Basi mwezi wa Februari tukafika kwenye sura ya kitabu iliyoitwa Chanzo na Athari za Vita Baridi. Nikaeleza kama nilivyoelezwa. Kwamba Mmarekani na Mrusi walikuwa upande mmoja katika vita vya pili vya dunia, wakambana Hitla katikati, mmoja akitokea huku na mwingine kule, na askari wao walipokutana mtoni walipeana mikono na sigara. Kwamba vita vilipokwisha, kila mmoja alianza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mmarekani anataka kiwanda kiwe cha mwenye mtaji na soko liamue bei. Mrusi anataka kiwanda kiwe cha umma na serikali ipange. Kila mmoja akaamini kwamba mwenzake hatatulia mpaka dunia nzima imfuate yeye. Mmarekani alikuwa na bomu kubwa, Mrusi naye akatengeneza lake. Ujerumani ikakatwa vipande viwili, na mji wake mkuu ukapigwa ukuta katikati. Tangu hapo wanatukanana redioni usiku na mchana, ila wenyewe kwa wenyewe hawajawahi kurushiana hata jiwe.

 Bi Kuruthumu akanyoosha penseli juu. Aliuliza kama hawa watu zamani waliwahi kugombana kwa silaha. Nikafikiri, nikakumbuka kuwa Warusi walipompindua mfalme wao, Wamarekani waliwahi kupeleka askari kule, si wengi. Akauliza kama wanatukanana mbele za watu. Nikasema mbele za watu, tena kwenye mkutano wa mataifa yote. Akauliza kama mmoja akifiwa mwenzake anakwenda. Hapo nikajisifu kwa kumbukumbu yangu: rais wa Marekani alipouawa, miaka tisa nyuma, Warusi walimtuma mkubwa wao mmoja kwenda kuzika.

Bi Kuruthumu akaweka penseli chini.

"Ungesema tangu mwanzo, Mwalimu," akasema. "Hawa ni watani."

Darasa zima likapumua. Bi Mboni alisema alikuwa anashangaa muda wote, watu gani hawa wanaotukanana miaka ishirini na saba bila kuchoka, kumbe ni jambo la kawaida tu. Mwingine akauliza nani kati yao anamdai mwenzake kuku. Ilikuwa saa kumi na nusu, na muuza kahawa na chai alikuwa amekwisha kupita chini ya dirisha anagonga vikombe vyake. Nilijua kabisa kwamba inanipasa kukataa. Nilijua pia kwamba nikikataa nitaanza upya na Hitla. Nikasema, "Tuseme hivyo kwa leo," nikatoka kumkimbilia yule mtu wa chai.

Kwa leo ikawa miezi mitano. Wanafunzi wangu, ambao walikuwa wanasahau tarakimu za Kirumi kabla sijafuta ubao, hilo hawakulisahau hata kidogo. Walilipeleka sokoni. Nikipita Mtaa wa Mchikichi nasikia muuza vitunguu anamweleza muuza nazi habari za Mrusi na mtani wake.

Nao wenyewe, Mrusi na Mmarekani, walikuwa karibu yetu kuliko nilivyopenda. Nchi yetu ilisema haifungamani na upande wowote, nao kila mmoja akaamini kwamba akituongezea penseli tutafungamana. Mratibu wa elimu ya watu wazima wa kata yetu alikuwa Ndugu Eliasi, Mchagga wa Machame, mtu wa vifungo mpaka kooni, asiyecheka saa za kazi. Mmarekani mmoja wa maktaba yao alimletea penseli mia zenye vifutio. Wiki iliyofuata Mrusi mmoja wa nyumba yao ya utamaduni akaleta madaftari mia mbili. Mmarekani akasikia, akaleta ramani ya dunia. Mrusi akaleta ramani kubwa zaidi. Ndugu Eliasi alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akaandika barua za shukrani zenye idadi sawa ya mistari; niliwahi kumkuta anaihesabu. Ramani zote mbili zilitundikwa darasani kwangu, na Bi Kuruthumu alizichunguza siku nzima kabla ya kutoa ripoti kwamba kila mmoja amejichora katikati na sisi ametusogeza pembeni kidogo.

Mwezi wa Julai tulifanya maonyesho ya kazi za ngumbaru. Ndugu Eliasi, kwa kutopendelea, aliwaalika wote wawili kwa barua mbili, huku akiomba Mungu mmoja wao awe safarini. Walikuja wote, na walifika saa ileile. Mmarekani alikuwa kijana mrefu mwenye kofia nzuri ya ukili. Mrusi alikuwa mtu mzima, mpana, na alijua Kiswahili, kile Kiswahili cha vitabuni ambacho kila neno limepigwa pasi. Walikaa mwanzo na mwisho wa benchi moja, katikati wameacha nafasi ya watu wanne, na kila mmoja akaitazama ramani yake.

Sikuona hatari. Nilikuwa najishughulisha na ubao. Nilipogeuka, Bi Kuruthumu alikuwa amekwisha kusimama mbele ya Mmarekani. Alimpa shikamoo ya dhihaka, akamvua kofia polepole kama mtu anayechuma papai, akatembea mpaka mwisho wa benchi, akamvika Mrusi. Kisha akamwambia Mrusi kwamba huyu mtani wake amemletea kofia mwenyewe mpaka hapa, asimrudishie mpaka akombolewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Bi Mboni akamwendea Mmarekani kumliwaza, akamwambia asikasirike, akikasirika atatozwa mara mbili.

Mmarekani alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ndugu Eliasi alikuwa amefumba macho. Mrusi alishika ukingo wa kofia, akauliza kwa utaratibu mambo haya yana maana gani, na Bi Kuruthumu akamweleza: mababu walipigana, wajukuu wanataniana. Mrusi alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Mmarekani, akamwambia kitu kwa Kiingereza, na sura ameikaza kama hakimu. Mmarekani akamtazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa penseli, mojawapo ya zile zenye kifutio. Mrusi akaikagua ncha, akaikagua tena, akakubali. Kofia ikarudi. Ndipo wote wawili wakacheka, cheko la kweli lenye mabega, na Mmarekani akasogea kwenye benchi mpaka ile nafasi ya watu wanne ikabaki ya mtu mmoja.

Mpiga picha wa kata akaona jambo lenyewe ndilo hili, akainua kamera. Nililiona kwa macho yangu. Cheko lilikatika nyusoni mwao kwa pamoja. Mmarekani akarudi mwisho wa benchi, Mrusi akanyanyua mkono kuziba uso, na kila mmoja kwa lugha yake akaomba picha isipigwe. Dakika kumi baadaye waliaga, tena kwa kupishana, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa uani.

Ndugu Eliasi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinipeleka chini ya ngazi, akaniuliza nani aliyewafundisha wanawake wale kwamba mataifa makubwa ni watani. Nikasema mimi, au niseme niliwaacha waamini hivyo. Akasema amekaa mwaka mzima akitembea katikati ya watu hawa wawili kama mtu aliyebeba mayai, na leo mwanafunzi wangu amemvua mmoja wao kofia. Akasema mtihani wa siasa atausimamia yeye mwenyewe, maswali ya Bi Kuruthumu atayauliza yeye mwenyewe, na swali lake analijua tangu sasa: chanzo na athari za Vita Baridi. Akijibu utani, hakuna cheti. Kamati haiwezi kumkabidhi duka mtu aliyefeli siasa, na mwombaji wa pili wa kazi ile, aliyesoma hadi darasa la nane, alikuwa amekwisha kuandika barua.

Usiku ule nilijilaumu kwa maneno ambayo hata mtani hayasemi. Mama wa watu amekaa juani miaka kumi na tisa, na mimi namwangusha kwa kikombe cha chai.

Kesho yake nilimfuata kwenye genge lake na karatasi. Nilikuwa nimemwandikia vyanzo vitano na athari nne, kila kimoja mstari mmoja. Nikamwomba radhi, nikamweleza hatari iliyopo, nikamsihi asilitaje tena neno utani mbele ya Ndugu Eliasi. Alisoma karatasi yote huku akifukuza nzi kwenye dagaa.

"Mwalimu, uliwaona walivyoogopa ile kamera?" akaniuliza.

Nikasema niliwaona.

"Mtani haogopi kuonekana anacheka na mwenzake. Kuna kitu nimekosea pale."

Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba asifikiri sana, akariri tu. Alinitazama kwa huruma, akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Wiki mbili baadaye, mtihani. Aliandika na kusoma bila kosa. Hesabu alizimaliza wa kwanza, akawa anatazama nje. Saa nane mchana akaitwa kwenye siasa. Ndugu Eliasi alikaa nyuma ya meza, faili mbele yake, nami niliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa kwa sharti la kutofungua mdomo. Bi Kuruthumu alikuwa amevaa kanga mpya. Alisimama wima, ingawa nilijua magoti yanamuuma.

Akaulizwa. Akaanza. Chanzo cha kwanza, tofauti ya siasa za uchumi. Chanzo cha pili, kutoaminiana baada ya vita. Cha tatu, cha nne, cha tano, vyote kama vilivyoandikwa, na nukta zake. Ndugu Eliasi alikuwa anatia alama kwa kalamu ya risasi, nami nikaanza kupumua. Akaambiwa aendelee na athari.

"Ndugu Mratibu," akasema, "mwalimu wangu amenikataza kutaja utani."

Niliinamisha kichwa mpaka kikagusa dawati.

"Lakini mimi ndiye niliyesema ni watani, na darasa zima likanifuata, na soko likafuata darasa. Sitaki neno la uongo lizunguke na jina langu. Nataka kulifuta hapa. Watani wanagombea maiti, mtu aliyekwisha kufa, asiye na la kupoteza. Hawa wanagombea watu walio hai, tena wanakwenda kugombana kwenye shamba la mtu mwingine."

Ndugu Eliasi aliacha kuandika. Akamwambia aeleze.

Akaeleza kwamba Wayao wako huku na ng'ambo ya Ruvuma, na ndugu yake Sadalla alikuwa analima ng'ambo, upande wa Msumbiji. Mwezi wa Machi ndege ya Wareno ilipita juu ya shamba lake la mihogo ikadondosha mabomu. Mreno ni maskini, alisema, kila mtu anajua. Vyombo vile anapewa na wenzake wa upande wa Mmarekani. Mtoto wa Sadalla alikuwa amejiunga na wapigania uhuru, naye bunduki yake imetoka upande wa Mrusi. Yeye Bi Kuruthumu alikwenda Tunduru kwenye matanga, na huko wakamwonyesha kipande cha chuma cha lile bomu.

"Kilikuwa na maandishi," akasema. "Nikawaambia leteni, mimi sasa najua kusoma, nimsome aliyemuua kaka yangu. Nikasoma herufi moja moja, na namba, sikupata neno. Nikatazama bunduki ya mtoto wetu. Nayo imeandikwa, na zile hata herufi zenyewe sikuzijua. Ile bunduki naiombea dua kila siku, Ndugu Mratibu, usinielewe vibaya. Lakini hapakuwa na neno hata moja la kwetu. Hiyo ndiyo athari ninayoijua. Zile nne za mwalimu nazijua pia, nitazisema ukitaka."

Sikuweza kuinua kichwa. Mwezi wa Machi nilikuwa nimemwandika hayupo siku kumi. Aliporudi aliniambia alikwenda nyumbani mara moja, nami nikamgombeza mbele ya wenzake kwamba anayetaka cheti hatembei tembei.

Ndugu Eliasi alivua miwani. Akauliza kama mambo hayo yamo kitabuni. Bi Kuruthumu akasema hayamo. Akauliza tena, safari hii taratibu, "Na huyo ndugu yako, nani alimzika?"

"Walimvusha mto kwa mtumbwi tukamzika kwetu. Wangoni walikuja, wametembea kutoka mbali. Wakakaa juu ya udongo wakasema Myao huyu hafukiwi, alikuwa na ngoma mbaya, hajui kucheza, atawaaibisha wafu. Wakamwiga anavyocheza. Mke wake alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Akacheka. Alipokwisha kucheka akaomba uji." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga mpya. "Mrusi na Mmarekani wanazikana wakubwa kwa wakubwa, kwa ndege na maua. Kaka yangu hawamjui hata jina. Utani hauko hivyo."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi. Ndugu Eliasi aliandika muda mrefu, mistari mingi kuliko barua yoyote ya shukrani. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba Bi Kuruthumu amefaulu siasa, na pole sana, na aende akapumzishe miguu.

Cheti alikipata, na duka akalisimamia miaka mingi, mpaka watu wakaliita kwa jina lake. Hilo nalimaliza hapa ili lisitusumbue. Alipotoka nami nikainuka, nikakusanya vitabu vyangu kwa aibu, nikijua nina la kujibu. Ndugu Eliasi alikuwa anasafisha miwani.

"Wewe Mwalimu ni kabila gani?" akaniuliza.

Alikuwa analijua tangu siku aliyoniajiri. Nikasema Mngoni.

"Na unangoja nini hapa?"

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilipitia Mtaa wa Mahiwa, nikakata kwenye vibanda, nikatokea Mchikichi na jasho. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye genge, kanga mpya ameivua na kuikunja, amejifunga ya kazi, anapanga dagaa mafungu mafungu. Soko lilikuwa limefurika. Niliogopa, kwa sababu jambo hili sikuwahi kulifanya peke yangu; nyumbani nilikuwa nawatazama wajomba zangu wakilifanya. Nikamshika mkono nikamsogeza kando, nikalivuta kreti lake, nikalikalia mimi. Nikaweka mikono kichwani nikalia kwa sauti, yowe refu la kwetu, mpaka muuza vitunguu akaangusha mizani.

Nikatangaza kwamba nimemfuata Sadalla bin nani sijui, Myao mchoyo kuliko wote wa bonde la Ruvuma, aliyekufa makusudi ili asinipikie ubwabwa. Nikasema nimesikia hata huko ahera alikokwenda amekataa kusogea wenzake wakae, watu wamesimama. Nikasema sitoki kwenye kreti hili, na dagaa hawauzwi, mpaka nipewe jogoo na mtu wa kuninyoa ndevu. Majirani waliweka mikono midomoni. Walikuwa wanajua habari za msiba, wote. Ni mimi tu niliyekuwa sijui.

Bi Kuruthumu alisimama amenikodolea macho. Nikadhani nimeharibu. Kisha cheko likampanda mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Umechelewa miezi mitano, Mngoni," akasema. "Lipa faini."

Nikamwambia Wangoni hawalipi faini kwa watu ambao mababu zao walikimbilia mapangoni walipotuona. Hapo ndipo alipolia. Alinishika shati begani, akalia kwa sauti hadharani, kilio ambacho nadhani alikibeba tangu Tunduru, na katikati ya kilio anacheka, na mimi nalia naye, hasira zangu zote zimeniishia. Bi Mboni alileta mandazi kwenye sinia bila mtu kumwagiza. Muuza vitunguu, mtani wake, akanyang'anya moja, akasema Mzaramo naye asijisahau, kuna siku yake.

Nilikaa naye mpaka magenge yakafungwa, nikimtukana marehemu kila alipotaka kunyamaza.